Sisplatini na kifo cha seli isiyo na kiini

Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, Barnett Rosenberg alitaka kujua umeme unawafanya nini bakteria wanaogawanyika. Alipouwasha, wakaacha kugawanyika na kubaki wakirefuka kama tambi. Kumbe si umeme. Vipande vya platinamu vilivyoupitisha vilikuwa vikimomonyoka majini na kuzaa kemikali ambayo Michele Peyrone, mkemia wa Italia, aliitengeneza tangu miaka ya 1840 pasipo mtu kujua itafaa nini. Hiyo ndiyo sisplatini. Desemba 1978 iliidhinishwa Marekani kutibu saratani ya korodani na ya ovari.

Dawa hii hung'ang'ania DNA. Seli inayotaka kugawanyika hukwama, na mwishowe hujiua. Kujiua huko kwa seli John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikuwa wamekupa jina la apoptosi mwaka 1972.

Lakini wagonjwa waliotundikiwa dripu za sisplatini walipungukiwa damu. Madaktari walikuwa na majibu mawili: dawa huumiza uboho unaozalisha seli nyekundu za damu, na huumiza figo zinazotoa homoni ya kuuamsha uboho huo. Ni majibu sahihi, na bado ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ila hayakusema lolote kuhusu seli ambazo tayari zinazunguka mishipani. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala mitokondria, kunakokaa DNA, na huishi siku 120 hivi. Dawa inayowinda DNA ingeshika nini humo?

Mwaka 2001 watafiti, wakiwemo wa Ufaransa, walionyesha kwamba hata seli hiyo ina njia yake ya kujiua. Mwaka 2005 Florian Lang na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, wakaiita eriptosi, na mwaka 2008 maabara hiyohiyo ikaripoti kwamba sisplatini huichochea.

Mambo huanzia kwenye utando. Kalsiamu inapenya ndani na kufungua njia ya potasiamu, ile inayobeba jina la Mhungaria György Gárdos aliyeieleza mwaka 1958. Potasiamu inatoka, maji yanaifuata, seli inasinyaa. Wakati huohuo fosfatidilserini, mafuta ambayo kawaida hukaa upande wa ndani wa utando, yanajitokeza nje. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza mabaki, wakiyaona, wanaimeza seli nzima. Mimi naona mwili umefanya hesabu nzuri hapo: seli ikipasukia mishipani, himoglobini humwagika na kudhuru figo. Hasara huja seli zikifa upesi kuliko uboho unavyozalisha nyingine. Tena zile zenye fosfatidilserini nje zinaweza kunata kwenye kuta za mishipa na kuutatiza mzunguko wa damu.

Sehemu kubwa ya ushahidi huu imetoka kwenye seli zilizochanganywa na dawa maabara, nje ya mwili, kwa hiyo uboho na figo havijavuliwa lawama.

Kwa aliye kwenye kemo, yaani tiba ya dawa za saratani kama hii: juisi ya rozela na bitiruti, vinavyosifiwa kuongeza damu, havizuii sisplatini kuumiza uboho wala utando wa seli. Ukihema kwa hatua chache, au moyo ukienda mbio nawe umekaa tu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda ukapimwe damu, na daktari ndiye aamue kama utaongezewa au kipimo cha dawa kitabadilishwa.