Magofu ya Chole na bei ya chokaa

Niko Utende, kusini mashariki mwa kisiwa cha Mafia. Nilikuwa ufukweni nasubiri mashua ya kuvukia Chole, kisiwa kidogo kinachoonekana hapo mbele tu. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri mashua hiyo hiyo akaiangalia kamera yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unakwenda kupiga picha yale mawe?"

"Ndiyo babu, magofu."

"Mimi ujanani nimechoma chokaa. Unajua tanuu moja linakula magogo mangapi?"

Sikujua. Akacheka, mashua ikafika, tukapanda. Lakini swali lake limenikaa kichwani mpaka sasa, ndiyo maana naandika.

Kwanza historia kidogo. Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1890, Wajerumani walipoichukua kwa mikataba iliyosainiwa Ulaya. Makao yao wakayaweka Chole, mji uliokuwa tayari na wafanyabiashara na majahazi. Boma likajengwa, gereza likajengwa. Mwaka 1913 wakahamia Kilindoni, ambako meli kubwa zilitia nanga vizuri zaidi. Miaka miwili tu baadaye, Januari 1915, Waingereza wakateremka Mafia na kuifanya kituo cha kuishambulia manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Chole ikabaki nyuma. Leo ukitembea pale unaona kuta za boma, gereza na hekalu la Wahindi, mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu imezikumbatia. Kuna mahali huwezi kujua kama ukuta unaushika mti au mti unaushika ukuta. Ukikata ovyo, vyote viwili vinakuja chini.

Sasa turudi kwenye tanuu la babu. Nyumba za zamani za pwani yetu ni mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Chokaa yenyewe ilipatikana hivi: unapanga magogo kwa duara, unarundika matumbawe juu, unawasha moto. Kwa hiyo kila ukuta unaouona Chole umekula mara mbili, baharini na msituni. Na uchomaji huo haukuishia enzi za Wajerumani. Miamba ya Mafia iliendelea kuchimbwa kwa ajili ya mawe na chokaa kwa miaka mingi, pamoja na baruti za wavuvi. Ndipo ikaja Sheria Na. 29 ya 1994, na mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikawa ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822, makao yake hapa hapa Utende.

Mnaona utata ulipo? Ukitaka kukarabati gofu la Chole kwa njia sahihi unahitaji chokaa. Saruji haifai: ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na inafungia unyevu na chumvi ndani, mwisho jiwe linameguka. Lakini chokaa ya asili ndiyo iliyomaliza miamba!

Jibu langu ni hili. Gharama kubwa ya kuta zile ilishalipwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Matumbawe yalishakufa, magogo yalishaungua. Kuziacha zianguke halafu tujenge upya kwa tofali za saruji iliyovuka bahari ni kulipa mara ya pili kwa kitu tulichokuwa nacho. Mawe yaliyoanguka yapo, yarudishwe ukutani. Chokaa inayopungua itoke bara, kwenye mawe ya chokaa ya nchi kavu kama yale ya Tanga.

Na isionekane ni ndoto. Nendeni Shangani, Zanzibar. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari ulifika huko kutoka Aden. Kazi hiyo ya mawasiliano baadaye ikaacha jengo la Extelecoms, jengo la mitambo na makarani. Lilipoisha kazi halikubomolewa. Lilikarabatiwa, na tangu 1997 ni hoteli ya Serena. Ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, iliyoanza kujengwa 1887, nayo iliokolewa na Aga Khan Trust for Culture miaka ya 1990, na mafundi wa hapo hapo wakajifunza upya kazi ya chokaa.

Ila tusijidanganye. Jengo la Mambo Msiige, jirani na Serena, lilifunguliwa kuwa hoteli ya Hyatt mwaka 2015 baada ya mvutano mrefu na UNESCO kuhusu nyongeza yake. Na Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, ya mwaka 1883, sehemu yake ilianguka 25 Desemba 2020 ukarabati ukiwa unaendelea, ikaua. Kuchelewa nako kuna bei.

Kwa hiyo swali la Chole ni: kazi gani, na ya nani? Hoteli ya Chole Mjini, ilipoanza miaka ya 1990, ilichagua kujenga vyumba juu ya miti kando ya magofu. Uamuzi wa busara. Lakini mimi nafikiria zaidi mafundi wa majahazi wa Chole, wanaochonga mbao wazi ufukweni. Nafikiria wavuvi wa pweza wasio na pa kuhifadhia. Kuta mbili tatu zenye paa zingekuwa karakana, zingekuwa ghala. Mgeni angelipa kuangalia jahazi linavyozaliwa ndani ya gofu, na pesa ingebaki kisiwani. Ile miti iliyoshika ukuta iachwe, sehemu hiyo ibaki ya popo na ya kumbukumbu.

Tuliporudi Utende jioni nilimwambia babu mawazo yangu. Akauliza jambo moja tu: "Na hiyo chokaa, mjukuu wangu, nani atawafundisha vijana kuikoroga?"

Wenzake waliobaki wanaojua kazi hiyo, alisema, anawahesabu kwa vidole. Kuta zinaweza kusubiri kidogo. Wao hawawezi.