Mwiba wa Waridi na Mwanzo wa Penisilini

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ngozi ya mwanadamu ni ukuta, na mchomo wa mwiba ni ufa wake. Mwiba wenyewe hauui. Hufungua njia tu, na vijidudu vikaavyo juu ya ngozi na katika udongo hupenya ndani. Kabla ya miaka ya 1940, ufa mdogo kama huo uliweza kumfikisha kaburini hata mtu mwenye nguvu zake.

Mfano mashuhuri ni wa Albert Alexander, askari polisi wa Uingereza mwenye umri wa miaka 43. Inasimuliwa kwamba alikwaruzwa usoni na mwiba wa waridi. Vijidudu vya stafilokoki na streptokoki vikamwingia. Uso na kichwa vikajaa majipu, akatolewa jicho moja, na maradhi yakashuka hata mapafuni. Dawa za salfa zilizokuwako hazikumfaa.

Yafaa mwanafunzi wa historia ajue kwamba kisa cha waridi kina shaka. Binti yake alieleza baadaye kwamba babake alijeruhiwa katika shambulio la mabomu mjini Southampton, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Lakini uwe ni mwiba au bomu, mlango wa maradhi ni ule ule: ngozi iliyopasuka.

Wakati huo, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley walikuwa wakijitahidi kupata dawa kutokana na ukungu ambao Alexander Fleming aliuchunguza mjini London mwaka 1928. Tarehe 12 Februari 1941 yule askari alianza kudungwa sindano za penisilini. Punde hali yake ikabadilika: homa ikashuka, akapata hamu ya chakula. Walakini dawa ilikuwa haba mno, hata ikabidi mkojo wake ukusanywe, penisilini iliyomo itolewe, naye adungwe tena. Baada ya siku tano ikaisha kabisa. Maradhi yakarudi, naye akafariki tarehe 15 Machi. Dawa haikushindwa; haikutosha.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake Fleming alionya kwamba atumiaye dawa kidogo kuliko ipasavyo haviui vijidudu, bali huvifundisha kuistahimili. Onyo hilo limetimia: leo stafilokoki nyingi haziisikii tena penisilini.

Basi, ewe msomaji, uchomwapo na mwiba shambani au njiani, osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Likivimba, likawa na moto au kutoa usaha, nenda zahanati mapema. Na ukipewa dawa, itumie mpaka mwisho kama ulivyoagizwa. Yule askari alikosa dawa ya kumalizia, wewe unayo.