Hifadhi za Taifa Tanzania: Maswali ya mtego kwenye mtihani wa maarifa ya jumla

Swali "Hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Tanzania ni ipi?" linaonekana jepesi, kumbe linamkosesha mtu alama. Aliyekariri madesa ya zamani sana anajibu Serengeti. Mwenye madesa ya kabla ya 2019 anajibu Ruaha, iliyokuwa kubwa zaidi baada ya kuongezewa eneo la Usangu.

Jibu la sasa ni Nyerere: kilomita za mraba 30,893, zilizomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous.

Ngorongoro siyo hifadhi ya taifa

Huu ndio mtego wa pili. Ngorongoro ilitenganishwa na Serengeti mwaka 1959, na ina mamlaka yake, NCAA. Tofauti iko hivi:

- Hifadhi ya taifa: iko chini ya TANAPA. Watalii wanaangalia wanyama, hakuna uwindaji wala makazi ya wanakijiji.
- Pori la akiba: liko chini ya TAWA. Uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa kibali.
- Ngorongoro: eneo la matumizi mseto, ambako wafugaji na wanyamapori wanatumia ardhi moja.

Jozani ya Unguja, makazi ya kima punju, ni hifadhi ya taifa pia, ila inasimamiwa na Zanzibar, siyo TANAPA.

Kila hifadhi na alama yake

- Serengeti: ya kwanza, 1951. Nyumbu wanaohama.
- Kilimanjaro: mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895.
- Gombe na Mahale: sokwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Jane Goodall alianza utafiti Gombe mwaka 1960.
- Saadani: inagusa Bahari ya Hindi.
- Kitulo: maua, ndiyo maana inaitwa Bustani ya Mungu.
- Kisiwa cha Saanane: ndogo kuliko zote, kilomita za mraba 2.18, iko Mwanza.
- Mikumi: barabara kuu ya Morogoro–Iringa inapita katikati yake.

Namna ya kusoma isipotee

Kukariri orodha ndefu usiku mmoja hakusaidii. Asubuhi Katavi inahamia Arusha. Mbinu nzuri ni kuchora ramani tupu ya Tanzania, kisha kujaza hifadhi kanda kwa kanda bila kuchungulia. Iliyokosewa ndiyo inayorudiwa kesho yake.

Jambo la pili ni kuangalia desa liliandikwa lini. Hadi kabla ya 2019 TANAPA ilikuwa na hifadhi 16. Mwaka huo zikaongezwa nyingine, zikiwemo Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Desa linaloishia kwenye 16 limeshapitwa, na idadi ya sasa ichukuliwe TANAPA wenyewe kabla ya siku ya mtihani.