Siri za simu: Kinachosimbwa leo huenda kikasomwa kesho

MAZUNGUMZO ya rununu yanapopita hewani kutoka Molo, Gilgil au Naivasha hadi kwenye mlingoti ulio karibu, husimbwa kwa hesabu maalumu ili anayenasa mawimbi hayo asiambulie chochote.

Hata hivyo, ujumbe uliosimbwa leo waweza kusimbuliwa kesho. Anayenasa mawimbi anaweza kuyahifadhi na kusubiri hadi apate ufunguo, au tarakilishi yenye nguvu ya kuvunja usimbaji huo.

Funzo la 2008

Wakazi wa Bonde la Ufa wana sababu ya kulizingatia suala hili. Ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 zilipofika Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, watu walitumia simu kuomba msaada na kuelezana waliyoyaona. Wengine walisambaza arafa za chuki.

Baadaye mwaka huo, baadhi ya mashahidi walitoa ushahidi faraghani mbele ya tume ya Jaji Philip Waki. Majina ya washukiwa yalitiwa katika bahasha iliyofungwa, ambayo Kofi Annan aliikabidhi Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC) Julai 2009.

Simu za wakati huo hazikuwa na lakiri kama ya bahasha hiyo. Nyingi zilikuwa za kizazi cha pili (2G), na mojawapo ya mbinu kuu za usimbaji za kizazi hicho duniani, A5/1, ilitumia ufunguo wa biti 64 pekee.

Desemba 2009, mtafiti Mjerumani Karsten Nohl alieleza mjini Berlin jinsi mbinu hiyo inavyoweza kuvunjwa kwa vifaa vya bei nafuu. Yeyote aliyekuwa amehifadhi simu zilizosimbwa kwa A5/1 mnamo 2008 angeweza kuanza kuzisikiliza miaka miwili baadaye.

Ufunguo ulio katika kadi

Vizazi vilivyofuata viliongeza urefu wa ufunguo hadi biti 128, lakini udhaifu mwingine ulibakia.

Kila kadi ya simu ina ufunguo wa siri, na nakala yake huwa kwa kampuni ya simu. Mteja anapounganishwa, kampuni hutuma hewani nambari isiyotabirika. Kadi huichanganya nambari hiyo na ufunguo wake ili kupata ufunguo wa muda wa kusimba mazungumzo.

Nambari hiyo hupita waziwazi. Kwa hivyo, anayeupata ufunguo wa kadi, hata baada ya miaka mingi, anaweza kuirudia hesabu ile ile na kufungua yote aliyoyahifadhi. Utaratibu huo haujabadilika kimsingi kuanzia 2G hadi 5G, ambayo Safaricom ilianza kuuzia wateja wa Kenya Oktoba 2022.

Wizi wa funguo si jambo la kufikirika tu. Februari 2015, nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden zilionyesha kuwa majasusi wa Marekani na Uingereza walilenga kampuni ya Gemalto, iliyotengeneza kadi za simu, ili kuiba funguo. Gemalto ilikiri kwamba huenda ilivamiwa mnamo 2010 na 2011, lakini ikakana kuwa funguo ziliibwa kwa wingi.

Tiba na kasoro yake

Tiba ni kinga ya yaliyopita. Simu na mtandao huunda siri mpya kwa kila muunganisho kisha huifuta. Hata kadi ikiibwa baadaye, ufunguo wake pekee hautoshi kufungua mazungumzo ya zamani. Mnamo 2025, shirika la IETF, linaloandaa kanuni za intaneti, lilichapisha utaratibu wa aina hiyo kwa mitandao ya simu, uitwao RFC 9678.

Lakini siri hizo za muda huundwa kwa hesabu za ufunguo wa umma. Mnamo 1994, Peter Shor alithibitisha kuwa tarakilishi kubwa ya kwantamu ingeweza kuvunja hesabu za aina hiyo. Ufunguo wa biti 128 ulio katika kadi hautishiwi kwa kiwango hicho.

Hadi sasa hakuna tarakilishi ya kwantamu inayojulikana kuwa na uwezo huo. Hata hivyo, kwa sababu mawimbi yaliyonaswa huweza kusubiri, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa Agosti 2024 kanuni za kwanza za usimbaji unaokusudiwa kustahimili tarakilishi hizo, ikiwemo ML-KEM. Programu ya Signal ilikuwa imeanza kutumia kinga ya aina hiyo tangu Septemba 2023.

Kwa mitandao ya simu, kinga kamili inahitaji mambo mawili kwa pamoja: siri za muda zinazofutwa, na hesabu zinazostahimili kwantamu. Mteja hawezi kujiwekea kinga hiyo; ni kazi ya kampuni za simu na watengenezaji wa kadi na mitambo.

Aidha, usimbaji wa hewani hauendi hadi kwa mpokeaji. Kampuni ya simu inaweza kuona arafa za kawaida, pamoja na rekodi za nani alimpigia nani na saa ngapi.

Na kwa mkulima wa viazi wa Mau Narok anayelipwa kwa M-Pesa, hatari iliyo karibu zaidi ni tapeli anayesajili upya laini ya mwenzake au kumrubuni amtajie nambari ya siri. Dhidi ya ulaghai huo, usimbaji wa aina yoyote haufui dafu.