Picha Bila Hodi

Nikiwa Mazingara, kule Handeni, mtalii wa Kijerumani alimpiga picha bibi aliyekuwa akianika mahindi. Bibi akajifunika khanga: “Mbona hukupiga hodi?”

Kwao Ujerumani hodi hiyo ni sheria. Mwaka 1898 wapiga picha wawili waliingia usiku kupitia dirishani, wakaipiga picha maiti ya Bismarck, mwasisi wa dola yao. Watu wakachukia, mwaka 1907 ikatungwa sheria kwamba sura ya mtu isisambazwe bila ridhaa yake. Miaka hiyohiyo walikuwa wakitutawala, reli yao imefika Korogwe tangu 1902, na sura za babu zetu zikiuzwa kwenye kadi za posta, bila hata majina!

Sheria yetu ya taarifa binafsi ni ya 2022.

Nilimwomba mgeni amwonyeshe bibi picha. Bibi akaitazama sana. “Ifute,” akasema.