Muhogo wa Amani

Muhogo ni ngao ya mkulima wakati wa ukame. Mahindi yakinyauka, na mtama ukiliwa na ndege, muhogo hubaki ardhini ukimngojea mwenyewe. Lakini mmea huu nao una adui yake, na katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi adui huyo alivyochunguzwa, na jinsi alivyopatiwa dawa isiyotiwa katika chupa.

Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa na mabaharia Wareno tangu karne ya 16. Kwao ulikotoka, ugonjwa wa batobato haukujulikana. Ulipofika huku ulikutana na virusi vya Afrika, ukawa kama mgeni aingiaye nchi ya homa. Majani hupata mabaka ya manjano na kujikunja, mmea hudumaa, na mizizi huwa midogo. Habari za ugonjwa huu ziliandikwa kwanza mwaka 1894, nazo zilitoka Usambara.

Katika milima hiyo hiyo, mwaka 1902, Wadachi, yaani Wajerumani, walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea mahali paitwapo Amani. Hapo kwanza kazi kubwa ilikuwa mazao ya biashara, kama mpira, kahawa na miti ya kwinini. Chakula cha mwenyeji hakikutangulia. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 kituo kiliingia mikononi mwa Waingereza, na katika miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols waliugeukia muhogo.

Walitaka kwanza kujua ugonjwa hupitaje. Wakaonyesha kwamba huchukuliwa na inzi mweupe, mdudu mdogo afyonzaye majani. Tena ugonjwa husafiri kwa mkono wa mkulima mwenyewe: akikata shina lenye virusi na kulipanda, amepanda na ugonjwa.

Kisha walitafuta muhogo uwezao kustahimili. Walipoona mihogo ya kawaida haitoshi, waliuendea mti wa mpira wa Ceará, jamaa ya muhogo, ulioletwa kutoka Brazil kwa ajili ya utomvu wake. Mti huo haushindwi upesi na batobato, lakini mizizi yake si chakula. Wakachukua chavua ya mmoja na kuipaka ua la mwingine. Watoto waliozaliwa walirithi nguvu ya mti wa mpira, lakini walirithi na mizizi yake duni. Basi wakachanganywa tena na muhogo, na tena, hata mara ya tatu, na kila mara ilibidi kungoja mimea ikue na kuchagua iliyo bora. Kazi hiyo iliendelea hata miaka ya 1950, ikishikwa na D. L. Jennings.

Miaka hiyo hiyo mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Kutokana nazo ulichaguliwa mmea mmoja uliopewa namba 58308. Huo haukuzaa sana, lakini ulistahimili batobato. Katika miaka ya 1970 S. K. Hahn, Mkorea aliyefanya kazi katika taasisi ya kimataifa ya kilimo huko Ibadan, aliufanya kuwa mzazi wa mihogo mipya. Mmoja wao uliitwa TMS 30572.

Mwisho wa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda. Virusi vya namna mbili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kimoja kikali zaidi. Mashamba yaliharibika, njaa ikaingia majumbani, na mahali pengine watu waliacha kabisa kulima muhogo. Ndipo ilipogawiwa mihogo mipya, pamoja na ule TMS 30572, ambao Waganda wameuita Migyera. Hivyo mjukuu wa Amani alirudi Afrika Mashariki, na ule msemo, Mgeni njoo, mwenyeji apone, ukatimia shambani.

Lakini muhogo mwema hauna faida kwa asiyejua kuutunza. Wahenga walisema, Mpanda ovyo hula ovyo. Yatupasa kukagua majani kabla ya kukata mbegu, kuchukua shina la mmea usio na mabaka, na kung'oa mapema uliougua. Wala tusidhani kazi imekwisha. Uko ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ambao Storey aliueleza mwaka 1936, nao ungali ukitusumbua. Huo ni mjanja: mmea huweza kuonekana mzima juu, kumbe mizizi imeoza ndani. Muhogo ushindao batobato waweza kushindwa na huu. Kwa hiyo wachunguzi wangali kazini, nao wahitaji macho ya wakulima na ya watoto wa shule, maana dalili ya kwanza huonekana shambani kabla haijafika kwa mtaalamu.