Kugawana faili katika intaneti: Historia, sheria na hatari ya kuweka mali katika seva za wenyewe

Mnamo Januari 19, 2012, mamilioni ya watu waliofungua tovuti ya Megaupload walipigwa na butwaa. Badala ya faili zao, walikuta tangazo la serikali ya Marekani kwamba tovuti hiyo imetwaliwa. Nchini New Zealand, ambako tayari kulikuwa kumepambazuka Januari 20, polisi walivamia makazi ya mwanzilishi wake, Kim Dotcom, karibu na jiji la Auckland na kumtia mbaroni pamoja na wenzake watatu.

Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, tovuti hiyo ilikuwa na watumiaji milioni 150 waliojisajili, na ilikuwa imewaingizia wenyewe zaidi ya dola milioni 175 kwa kusambaza kazi za sanaa bila idhini. Hata hivyo, miongoni mwa watumiaji hao walikuwamo watu wasio na hatia yoyote: wapiga video, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo waliokuwa wameihifadhi humo kazi ya mikono yao wenyewe. Wao pia walifungiwa nje.

Ni kisa kinachomfaa kila mwenye tovuti, mwanamuziki au mwenye duka anayenuia kuweka mali yake katika intaneti. Ili kukielewa, ni muhimu kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: kugawana faili moja kwa moja baina ya watumiaji, na kukodi nafasi katika seva.

Mifumo miwili tofauti

Katika mfumo wa kawaida, faili huwekwa katika seva, yaani tarakilishi yenye nguvu inayokaa macho usiku na mchana, na kila anayeihitaji huichukua hapo. Seva ni mithili ya ghala moja lenye wateja wengi. Wateja wakizidi, foleni huwa ndefu na gharama ya mwenye ghala hupanda.

Katika mfumo wa kugawana baina ya watumiaji, hakuna ghala. Kila tarakilishi iliyojiunga hupokea na kutoa kwa wakati mmoja. Faili hukaa katika tarakilishi za watumiaji wenyewe, na programu huwakutanisha mwenye nayo na anayeitaka. Huu ni utaratibu unaofanana na harambee: kila anayekuja huja na chake, na wanaokuja wakiwa wengi, kazi huwa nyepesi.

Napster yafungua mlango

Programu iliyoueneza mfumo huu ni Napster, iliyoanzishwa Juni 1999 na vijana wawili wa Marekani, Shawn Fanning na Sean Parker. Mtumiaji aliandika jina la wimbo, akaonyeshwa ni nani walio nao, kisha akaupakua kutoka tarakilishi ya mmoja wao. Kufikia mwanzoni mwa 2001, watumiaji walikuwa makumi ya mamilioni.

Kampuni za muziki ziliwasilisha kesi Desemba 1999, na Aprili 2000 kundi la Metallica likafuata kwa kesi yake. Napster ilijitetea kwamba haihifadhi wimbo wowote. Lakini ilikuwa na udhaifu mmoja: orodha ya nyimbo zote ilikaa katika seva zake yenyewe. Februari 2001 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kampuni inayoijua orodha hiyo, na yenye uwezo wa kuizuia, haiwezi kukwepa lawama. Julai mwaka huo Napster ilizima huduma hiyo, na mwaka 2002 ikatangaza kufilisika.

Waliofuata walijifunza kutokana na kosa hilo. Kazaa, iliyoanzishwa 2001 na Niklas Zennström wa Uswidi na Janus Friis wa Denmark, haikuwa na orodha moja ya kati. Wawili hao baadaye walianzisha Skype mnamo 2003. Kampuni iliyoinunua Kazaa ilikubali mwaka 2006 kulipa zaidi ya dola milioni 100 ili kumaliza kesi dhidi yake. Mwaka uliotangulia, Juni 27, 2005, mahakama ya upeo ya Marekani ilikuwa imeamua kwa kauli moja, katika kesi dhidi ya kampuni ya Grokster, kwamba anayesambaza programu huku akiwachochea watu kuitumia kukiuka hakimiliki atawajibika kwa ukiukaji huo.

BitTorrent na kisa cha Uswidi

Mwaka 2001, mwanaprogramu Bram Cohen wa Marekani alitoa mfumo wa BitTorrent. Ubunifu wake ulikuwa kuikata faili kubwa vipande vidogo vidogo. Anayepakua huchukua kipande hapa na kingine kule, na papo hapo huwagawia wengine vile alivyokwisha kupata. Kwa njia hii, faili inayopendwa na wengi hupatikana kwa kasi zaidi, kinyume cha seva ya kawaida ambayo hulemewa. Faili ndogo iitwayo torenti huwa na maelezo ya vipande hivyo na njia ya kuvipata.

Teknolojia yenyewe si haramu. Mifumo ya Linux husambazwa kihalali kwa njia hiyo, nayo hifadhi ya Internet Archive imekuwa ikitoa vitabu, muziki na filamu zake kwa torenti tangu 2012. Haramu ni kusambaza kazi ya mtu bila ruhusa yake.

Tovuti iliyovuma zaidi kwa torenti ni The Pirate Bay, iliyoanzishwa nchini Uswidi mwaka 2003. Hapa ndipo suala la seva lilipojitokeza waziwazi. Wawili wa viongozi wake, Gottfrid Svartholm na Fredrik Neij, walimiliki pia kampuni ya kukodisha nafasi za seva iliyoitwa PRQ. Polisi walipovamia Mei 31, 2006, walizoa seva za tovuti hiyo pamoja na seva za wateja wengine ambao kosa lao lilikuwa tu kupanga katika nyumba moja na mshukiwa. The Pirate Bay ilirejea baada ya siku tatu hivi. Baadhi ya majirani zake walisubiri muda mrefu zaidi.

Aprili 17, 2009, mahakama ya Stockholm iliwahukumu Svartholm, Neij, Peter Sunde na mfadhili Carl Lundström kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja na fidia ya krona milioni 30. Novemba 2010 mahakama ya rufaa iliwapunguzia vifungo Neij, Sunde na Lundström, lakini ikapandisha fidia hadi krona milioni 46. Oktoba 2012 wasimamizi wa tovuti walitangaza kwamba wameacha kutegemea seva zao na kuhamia kwa kampuni kadhaa za kukodisha seva katika nchi mbili, ili moja ikifungwa nyingine iendelee.

Tovuti nyingine hazikuwa na bahati hiyo. Mininova iliondoa torenti zilizokiuka hakimiliki Novemba 2009 kufuatia amri ya mahakama ya Uholanzi. IsoHunt ilifungwa Oktoba 2013 baada ya mapatano ya dola milioni 110, nayo KickassTorrents ilizimwa Julai 2016 mshukiwa mkuu alipokamatwa nchini Poland.

Fahali walipopigana

Megaupload haikutumia torenti. Ilikuwa ghala la kawaida: mtu alipakia faili, akapewa anwani, akawagawia aliotaka. Lakini ghala hilo halikuwa lake. Seva zilikuwa za kukodi, nyingine kutoka kampuni ya Carpathia Hosting iliyokuwa na makao Virginia, Marekani, na nyingine kutoka Leaseweb ya Uholanzi.

Fedha za Megaupload zilipozuiliwa, kodi ilikoma. Carpathia iliieleza mahakama kwamba kuzitunza seva 1,103 zilizobaki kuligharimu takriban dola 9,000 kwa siku. Leaseweb, kwa upande wake, ilifuta seva 630 mwaka 2013. Mpiga video mmoja wa michezo ya shule katika jimbo la Ohio alikwenda mahakamani kudai kazi zake, na kesi yake ikajikokota kwa miaka. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kesi yenyewe ilichukua zaidi ya muongo mmoja. Juni 2023 mahakama ya New Zealand iliwafunga washirika wawili wa Dotcom, Mathias Ortmann na Bram van der Kolk, zaidi ya miaka miwili kila mmoja baada ya kukiri makosa. Agosti 2024 waziri wa haki wa nchi hiyo alitia sahihi amri ya kumpeleka Dotcom Marekani.

Kupotea kwa mali si lazima kutokane na polisi. Yahoo ilifunga GeoCities, huduma ya tovuti za bure, Oktoba 2009. Machi 2019, MySpace ilikiri kwamba nyimbo na picha zilizopakiwa kati ya 2003 na 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Nyimbo zaidi ya milioni 50 ziliripotiwa kutoweka. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo moja la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia nakala za akiba, ila wakagundua kwamba nakala hizo zilihifadhiwa katika jengo lilo hilo. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni hiyo kumlipa fidia mteja mmoja wa aina hiyo.

Mikataba ya nafasi za seva

Kwa kawaida, nafasi ya seva hukodishwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni seva ya pamoja, ambapo tovuti nyingi hushirikiana tarakilishi moja. Ni rahisi kwa bei, lakini jirani akiwa na shughuli nyingi au akivamiwa na wadukuzi, wote huathirika. Ya pili ni seva iliyogawanywa kwa programu, kila mteja akawa na sehemu yake isiyoingiliwa. Ya tatu ni kukodi seva nzima, na hiyo ndiyo ghali.

Matangazo ya kampuni hizi huvutia, na mteja asipokuwa makini huja kujuta. Kwanza, bei ya chini inayotangazwa mara nyingi ni ya kipindi cha kwanza pekee. Mkataba unapohuishwa hupanda maradufu au zaidi. Pili, neno 'bila kikomo' huwa na kikomo chake katika masharti ya matumizi: idadi ya faili, nguvu ya tarakilishi au kiasi cha data kinachopita. Masharti hayo hayo kwa kawaida hukataza kuigeuza tovuti kuwa ghala la kugawia watu filamu na muziki, na anayekiuka hufungiwa bila kurejeshewa pesa.

Tatu, jina la tovuti linalotolewa kama 'zawadi' huenda likasajiliwa kwa jina la muuzaji. Siku mteja anapotaka kuhama, hujikuta hana mlango wa kutokea. Nne, si kila mkataba hujumuisha nakala za akiba, na zikiwapo, ni vyema kuuliza zinakaa wapi.

Hali ya Kenya

Nchini Kenya, majina yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika la KENIC. Hadi 2009, intaneti ya nchi hii ilitegemea setilaiti, na kupakua faili kubwa ilikuwa kazi ya kutwa kucha. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Kabla ya hapo, kituo cha kubadilishana data cha KIXP jijini Nairobi kilikuwa kimeyawezesha mawasiliano baina ya Wakenya kupita humu humu nchini badala ya kuzunguka ng'ambo. Kwa sababu hiyo, tovuti inayowalenga wasomaji wa Kenya na yenye seva nchini hufunguka kwa kasi zaidi kwao.

Kuhusu sheria, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ndiyo msingi, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo msimamizi. Marekebisho ya 2019 yaliweka utaratibu wa kuondoa kazi zinazokiuka hakimiliki. Mwenye kazi humwandikia mtoaji huduma za intaneti, naye hutakiwa kuzuia kazi hiyo katika saa 48 za kazi iwapo anayelaumiwa hatawasilisha pingamizi. Mtoaji huduma anayefuata utaratibu huo hulindwa dhidi ya kushtakiwa kwa makosa ya wateja wake, na anayetoa malalamishi ya uongo naye huweza kuadhibiwa. Kwa msanii, hii ni silaha isiyohitaji kwanza kwenda mahakamani. Kwa mwenye tovuti, ni onyo kwamba ukurasa wake unaweza kuzimwa asipojibu kwa wakati.

Yapasayo kufanywa

Wahenga walinena kuwa cha kuazima hakisitiri maungo. Seva ni ya kukodi, na haifai kuwa makao ya pekee ya kazi yoyote yenye thamani. Picha za arusi, rekodi za studio au hesabu za duka zapasa kuwa na nakala tatu: moja katika tarakilishi ya kazi, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu katika seva iliyo mahali tofauti na hapo.

Kabla ya kulipa, mteja asome masharti, aulize bei ya mwaka wa pili, ahakikishe jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na ajaribu kuirejesha nakala ya akiba angalau mara moja. Wateja wa Strasbourg walikuwa na risiti za nakala zao. Walichokosa ni kuuliza zilikuwa jengo gani.